Kifungo cha Tatu

Shati lina vifungo vitano.
Nimevishona mwenyewe, vikubwa kama sarafu ya mia mbili,
kwa uzi mwekundu, jicho lisipotee njia,
maana Dada Nakiete alisema: anza na kikubwa, mama,
kidogo kitakuja chenyewe siku yake.

Miaka saba nilimvisha mimi.
Haraka haraka, gunia likinisubiri mlangoni,
mabibo yakichacha, korosho hazijakwanyuliwa,
mkono huu shati, mkono ule kijiko cha uji,
namfunga na kumfungua kama mzigo wa kuni.
Nikayaita mapenzi.
Yalikuwa mapenzi. Ila yalikuwa na haraka.

Na Kitangari ina ndimi zake.
"Shaweji? Huyo kakanyaga cha watu."
"Mpeleke kwa fundi."
Nilimpeleka. Kuku wawili, kaniki moja,
na chale tatu kifuani,
pale kinapokaa leo kifungo cha pili.

Mpaka tukateremka Ndanda,
chumba cha mwisho koridoni.
Sikukuta sindano. Nilikuta mkeka,
beseni la mchanga, vibanio vya nguo,
kijiko kilichovishwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
Nikasema moyoni: nauli yote hii
nije kutazama watoto wakicheza?

Shaweji akagusa mchanga, akapiga yowe
kama aliyerukiwa na mafuta ya ganda la korosho.
Yule dada hakushtuka.
"Ngozi yake inasikia kwa sauti kubwa," akasema.
"Tuinong'oneze."

Wakainong'oneza kwa kidole kimoja.
Kidole mchangani, hesabu mpaka tatu, toa.
Nauli ya kwenda na kurudi
kwa kidole kimoja.

Nyumbani mchanga ni bure.
Mjomba Likwena akavunja kitanda kibovu,
akaunda kiti chenye meza kifuani na pa kukanyagia,
miguu isining'inie, mgongo usihangaike,
mikono ipate nafasi ya kufikiri.
Mwezi wa kumi Shaweji akaokota korosho moja.
Dole gumba na kidole cha shahada wakakutana
kama ndugu waliokosana kwa shamba.
Akaitia kwenye kopo. Kopo likalia: ko!
Akacheka. Akaokota nyingine.
Kilo moja, siku nne.
Kilo ile sikuipeleka chamani.

Lakini zoezi gumu nilipewa mimi.
"Mama," aliniambia Nakiete, "kalia mikono yako."
Nikadhani utani.
Mikono hii imelima, imebangua, imezika.
Kukaliwa haijafundishwa.

Leo Idi.
Tunaanza chini, macho yanakofika.
Cha kwanza kimeingia. Cha pili kimeingia.
Cha tatu kinateleza.
Ulimi umemtoka pembeni, jasho puani,
takbira inasikika kutoka uwanjani,
Mwanahawa yuko mlangoni na viatu vipya:
"Mama, tunachelewa, si umfunge tu!"

Nimekalia mikono. Inawaka.
Kifungo cha shati, kifungo cha jela, neno lile lile;
miaka saba tulikitumikia wawili,
na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Mara ya tano. Kimeponyoka.
Mara ya saba.
Ya nane, tundu likakimeza.
Tundu si lake. La jirani.

Basi tukatoka hivyo hivyo,
ukosi mmoja juu kama sikio la mbuzi,
pindo moja limefika gotini.
Bi Somoe akatusimamisha njiani, akachutama,
vidole tayari:
"Mama gani wewe, mtoto kapinda siku ya Idi!"
"Liache," nikasema.

Shaweji akatazama chini, akatazama juu,
akakifunika kifungo cha tatu kwa kiganja,
kiganja kizima, bapa, kisichoogopa kitambaa.
"Changu," akasema.

Swala tuliikuta rakaa ya pili.